ELIMU NYUMBANI: Jina la kitabu na jina la fute



Mwezi huu nimepokea barua ya mama mmoja wa Likasi. Imejaa pande mbili za karatasi, na ku mwisho maneno yanapanda pembeni sababu nafasi ilikwisha. Niifupishe. Watoto wake wawili wanagombana. Mkubwa anafanya kazi ku konsantratere, kule wanasaga mawe ya shaba na kuyaosha kwa povu. Mdogo anasoma sekisio ya kemia na biolojia, anajitayarisha kwa Exetat. Siku moja mdogo alikuwa chini ya mwembe na kitabu, anasoma kwa sauti: "2-metilipropili". Yaya yake akauliza ile ni nini. Mdogo akachora ku udongo na kijiti. Mkubwa akaanza kucheka:

"Hii njo isobutili! Iko ku fute za kazi kila siku. Mwalimu yenu iko anawadanganya."

Mdogo akakasirika. Akajibu kwamba watu wa kiwanda hawajui shimi, wanajua paka kubeba. Hapo mambo yakaharibika kabisa. Mama anaandika kwamba sasa ni wiki mbili hawajakula bukari ku sahani moja. Anauliza: nani kati yao ana haki?

Nilisoma nikicheka. Kiisha nikafika ku mstari mmoja, nikaacha kucheka. Mama anaandika kama mtu anayepita tu: hata ile fute mkubwa alileta nyumbani, ile wanawekea maji, iko na neno isobutili ku ubavu wake. Nitarudia hiyo fute mbele kidogo. Lakini mama, usingoje kumaliza kusoma. Maji yale msinywe, msipikie, msiogeshee mtoto. Na fute itoke nyumbani leo.

Sasa turudi ku ugomvi.

Wana haki wote wawili. Isobutili na 2-metilipropili ni kitu kimoja, sawa vile mtoto anaitwa jina moja na nyanya yake, na jina lingine ku kitabu cha masomo. Jina moja linaonyesha umbo kwa neno dogo la mbele, lingine linahesabu kaboni kwa nambari. Ili vijana wasichanganye tena, ni lazima tuangalie umbo lenyewe.

Kaboni ina mikono mine. Kwa mikono hiyo inashika kaboni zingine, na mikono inayobaki inashika idrojeni. Kaboni zikishikana moja nyuma ya nyingine, tunapata mnyororo. Zikiwa nne kwa mstari ni butani. Lakini kaboni nne zinaweza pia kukaa kwa namna nyingine: tatu kwa mstari, na ya nne imeshikwa ku ile ya katikati, kama tawi. Idadi ni ile ile, kaboni 4 na idrojeni 10, lakini kitu si kile kile. Butani ya mstari inachemka karibu na sifuri ya kipimo cha joto. Ile yenye tawi inachemka ku digrii 12 chini ya sifuri. Vitu vya namna hii, vyenye hesabu moja na umbo mbalimbali, Berzelius wa Sweden alivipa jina la isomeri mwaka 1830.

Kwa kuelewa matawi, chukueni njia ya gari la moshi. Ukitoka Lubumbashi unapita Likasi, unafika Tenke. Pale Tenke njia inagawanyika: moja inaenda Kolwezi na mbele mpaka Dilolo, ingine inapanda kaskazini kuelekea Kamina. Kwa hiyo stasio ya Tenke inagusa njia tatu. Stasio ya kawaida ya katikati inagusa mbili, ya kuingia na ya kutoka. Stasio ya mwisho inagusa moja tu. Sasa tosheni neno stasio, mweke kaboni. Kaboni inayogusa kaboni moja inaitwa primeri. Inayogusa mbili ni sekonderi. Inayogusa tatu, sawa Tenke, ni tersieri. Iko pia kwaterneri, inayogusa nne, na hiyo haina tena mkono wa kushika idrojeni.

Sasa tunaweza kufungua yale maneno madogo ya mbele. Tuchukue kipande cha kaboni nne, kile tunaita butili. Kipande maana yake kimetoshwa idrojeni moja, na pale ilipotoka njo fasi ya kushikia kitu kingine. Kuna butili nne, hazizidi, hazipungui.

Ya kwanza ni n-butili: CH3–CH2–CH2–CH2–. Ile n inasema normale, mstari bila tawi, na inashika kwa kaboni ya mwisho.

Ya pili ni sec-butili. Mnyororo ni ule ule wa mstari, lakini haishiki kwa mwisho, inashika kwa kaboni ya pili. Kaboni hiyo inagusa kaboni mbili, njo maana inaitwa sec, kifupi cha sekonderi.

Ya tatu ni isobutili, ile ya ku fute: (CH3)2CH–CH2–. Inashika kwa kaboni ya mwisho, lakini ku ngambo ya mkia iko panda, metili mbili zimegawanyika kama ncha mbili za fimbo yenye panda.

Ya nne ni tert-butili: (CH3)3C–. Kaboni moja katikati imeshika metili tatu, na kwa mkono wa nne inashika kile kingine. Njo Tenke yetu.

Hapa niseme jambo moja ambalo mimi mwenyewe sikulielewa mpaka nilikuwa mtu mzima. Maneno haya hayasemi habari ya namna moja. Sec- na tert- yanasema juu ya fasi ya kushikia: kaboni inayoshika inagusa kaboni ngapi? Iso- na neo- yanasema juu ya mkia: kule mwisho umefananaje? Iso ni panda ya metili mbili. Neo ni mkia wenye metili tatu ku kaboni moja, kama neopentili: (CH3)3C–CH2–. Ukichanganya fasi ya kushikia na mkia, utaita isobutili tert, utaita tert iso, na mwalimu atapiga msalaba mwekundu. Ukiona molekuli, jiulize kwanza: inashika wapi? Kiisha: mkia uko namna gani?

Wengine watasema, haya yote ni maneno ya vitabu, mukate hautoki humo. Basi niwasimulie yaliyonipata.

Nilikuwa kijana, ninajifunza kazi ya laboratwari. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, ile baridi yetu ya huku ya kufanya watu waote moto ku mbabula mbele ya kwenda kazi. Mkubwa wa laboratwari akanituma ku depo nilete chupa ya tert-butanoli. Nikaenda, nikaiona. Ndani yake kulikuwa kitu cheupe kigumu, kimeganda kama mafuta ya ngombe. Nikafikiri imeoza. Pembeni yake kulikuwa chupa ingine imeandikwa butanoli, nyororo, safi kama maji. Nikasema ku moyo: butanoli ni butanoli. Nikaichukua ile nyororo, na ile iliyoganda nikaiandika ku kitabu cha depo: imeharibika.

Kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mzee alipoona chupa, hakupaza sauti. Alinirudisha ku depo, akachukua ile chupa nyeupe, akaiweka katika ndoo ya maji ya moto kidogo. Mbele ya dakika kumi ilikuwa maji matupu.

"Sasa weye," akaniambia, "nani alikuambia inaoza? Baridi njo inaigandisha. Soma jina lote, hapana kusoma nusu."

Tert-butanoli inaganda ikishuka chini ya digrii 25 hivi. Butanoli ya mstari haigandi mpaka digrii 90 chini ya sifuri, baridi ambayo Katanga haitaiona. Hesabu ya zote mbili ni moja: kaboni 4, idrojeni 10, oksijeni 1. Tofauti yao ni hilo neno dogo la herufi nne mbele ya jina.

Mbona inakuwa hivyo? Molekuli za mstari zinalala pamoja kama kuni katika mzigo, zinagusana kwa urefu wote, kwa hiyo kuziachanisha kunataka joto jingi. Zenye matawi zinagusana kidogo. Tazameni alkoli nne za butili: ile ya mstari inachemka ku digrii 118, isobutanoli 108, sec-butanoli 99 na nusu, tert-butanoli 82. Matawi yakisogea karibu na fasi ya kushikia, kuchemka kunashuka. Lakini kuganda ni habari ingine. Tert-butanoli ni mviringo karibu kama chungwa, na machungwa yanapangika vizuri ku sanduku. Njo maana inaganda upesi.

Vile vile kwa kaboni tano. Pentani ya mstari inachemka ku digrii 36, isopentani 28, neopentani 9 na nusu. Siku ya kawaida ku Kolwezi, ya kwanza ni maji ndani ya chupa, na ya tatu ni hewa tayari.

Sasa twende ku kazi ya yule mkubwa. Ku konsantratere mawe yanasagwa yawe unga, yanachanganywa na maji, kiisha wanatia dawa mbili za lazima. Moja ni ya kukamata, ingine ni ya kutengeneza povu. Dawa ya kukamata inayotumika sana kwa mawe yenye salfa ni zantati. Zeise, mwanakemia wa Denmark, alizitengeneza mwaka 1822, na jina linatoka ku neno la Kigiriki la rangi ya manjano. Watu wa mawe walingoja miaka zaidi ya mia moja: ni mwaka 1925 Keller alipata haki ya kuzitumia ku kazi ya povu. Molekuli ya zantati ina kichwa na mkia. Kichwa chenye salfa kinashika chembe ya shaba au ya zenki. Mkia ni wa kaboni, na kaboni haipendi maji. Chembe iliyovikwa mikia hiyo inakimbia maji, inajishikiza ku povu, inapanda nalo juu, na povu linakusanywa.

Na ule mkia njo unapewa jina ku fute: zantati ya etili, ya isopropili, ya isobutili, ya amili. Mkia mrefu unakamata kwa nguvu zaidi lakini hauchagui sana, unaleta na takataka. Mkia mfupi unachagua vizuri lakini nguvu ni kidogo. Kwa hiyo yule kijana wa kiwanda, akisoma isobutili ku fute, anasoma kazi yenyewe ya ile dawa. Mdogo wake asimdharau. Amili, kwa wale wanaouliza, ni jina la zamani la pentili, kaboni tano. Linatoka ku neno la Kilatini la wanga, sababu zamani alkoli hiyo waliipata katika pombe ya kuchemsha iliyotoka ku vyakula vya wanga. Hata ndani ya lutuku ya leo imo alkoli ya isoamili, pamoja na isobutanoli. Ni kati ya zile zinazompiga mnywaji kichwa. Lakini alkoli ile ile ya isoamili, ukiiunganisha na asidi ya siki, inatoa harufu ya ndizi mbivu. Ndizi yenyewe inafanya kazi hiyo bila kwenda masomo.

Dawa ya povu, mara nyingi, imeandikwa MIBC. Vijana, hapa njo fasi ya zoezi, na ningependa ndugu wawili walifanye pamoja. Jina kamili ni metili-isobutili-karbinoli. Karbinoli ni jina la zamani la kaboni iliyoshika OH. Basi chora kaboni moja yenye OH. Ku mkono mmoja weka metili, ku mkono mwingine weka isobutili, mkono wa nne ni idrojeni. Unapata: CH3–CH(OH)–CH2–CH(CH3)–CH3.

Sasa lipe jina la kitabu. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote unaopita ku kaboni ya OH: ni kaboni tano, pentani. Hesabu kutoka ngambo inayompa OH nambari ndogo: OH iko ku 2. Metili ya pembeni iko ku 4. Jina: 4-metilipentani-2-oli. Yaya anasema MIBC, mdogo anasema 4-metilipentani-2-oli, na povu linapanda namna moja.

Mtu atauliza: kama majina ya zamani yanatosha, mbona nambari? Ni kwa sababu hayatoshi. Butani ziko 2, pentani 3. Lakini heksani ni 5, heptani 9, oktani 18. Ukifika kaboni kumi, ziko 75. Ukifika ishirini, ni 366,319. Utazigawanyia iso, neo, sec na tert mpaka wapi? Hata kwa kaboni tano sec- inaanza kudanganya. Mnyororo wa mstari wa kaboni tano unaweza kushika kwa kaboni ya pili au kwa kaboni ya tatu, na zote mbili ni sekonderi. Ukiandika sec-pentili, msomaji hajui ni ipi. Basi sec- uitumie kwa butili tu, na hapo utalala usingizi.

Kwa ajili ya fujo hiyo wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892, wakaweka kanuni ya mnyororo mrefu na nambari. Kazi hiyo ikachukuliwa na umoja wa kimataifa wa kemia, uliozaliwa mwaka 1919. Lakini umoja huo haukutupa maneno yote ya zamani. Katika kanuni zake za mwaka 2013, tert-butili ingali jina linalopendelewa. Mwambieni mdogo hilo.

Na kuna jina moja linalodanganya hata wakubwa. Ku vituo vya esansi, na hata kwa vijana wanaouza ku bidoni pembeni ya barabara, bale tunaita Kadhafi, utasikia habari ya oktani. Kipimo hicho kina nguzo mbili. Heptani ya mstari inagonga sana ndani ya moteri, ikapewa 0. Ile inayoitwa isooktani haigongi, ikapewa 100. Matawi njo yanafanya tofauti: mnyororo mtupu unashika moto mbele ya saa yake, wenye matawi unangoja. Lakini chora isooktani kwa kanuni ya iso, panda moja ku mwisho wa mkia: unapata 2-metiliheptani. Siyo yenyewe! Isooktani ya moteri ni 2,2,4-trimetilipentani, matawi matatu. Watu wa esansi walilizoea jina, likabaki. Ku mtihani usiandike isooktani mbele ya kuona nambari.

Kwa watu wa Exetat, mtego mwingine, wa alfabeti. Matawi yanapangwa kwa alfabeti ndani ya jina. Sec- na tert-, zenye kistari, hazihesabiwi: tert-butili inasimama ku B. Iso na neo, zilizoungana na neno, zinahesabiwa: isobutili inasimama ku I, isopropili vilevile ku I. Mfano, benzeni yenye etili na tert-butili: 1-tert-butili-4-etilibenzeni, sababu B iko mbele ya E. Ukibadilisha tert-butili kwa isobutili: 1-etili-4-isobutilibenzeni, sababu E iko mbele ya I. Di- na tri- za kuhesabu matawi yanayofanana, nazo hazihesabiwi. Wengi wanapotea hapa kwa haraka tu, wakati molekuli wameichora sawasawa.

Na kama unataka kukumbuka isobutili siku zote, angalia kidonge cha ibuprofeni ku sanduku la dawa. Jina limekatwa kutoka ku molekuli: i-bu ni isobutili, pro ni ya asidi ya propioniki, fen ni ya fenili. Stewart Adams na wenzake wa Uingereza waliiombea haki mwaka 1961. Isobutili ile ile ya ku fute, lakini imeshikwa ku kitu kingine, na kazi yake ni ingine kabisa. Msije mkasema isobutili ni dawa, hapana. Na kidonge chenyewe ni cha kumeza kwa shauri la muuguzi, zaidi kwa mwenye vidonda vya tumbo na kwa mama mwenye mimba.

Sasa fute.

Mama, zantati inapokutana na maji au na unyevu, inaharibika polepole, na moja ya vitu vinavyotoka ni sulfuri ya kaboni, CS2. Hii inachemka ku digrii 46. Moshi wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulala ku fasi za bondeni, kule watoto wanalala ku mkeka. Mtu akiivuta kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Tena inashika moto bila hata kiberiti: kugusa kitu chenye joto la digrii 100 hivi kunatosha. Kwa kuinuka, zantati ya isobutili au ya isopropili au ya amili, hapo zote ni sawa. Wala sabuni wala mchanga wala maji ya moto havisafishi fute hiyo. Ukiiosha kwa maji, unaipa kile inachohitaji kwa kuharibika.

Najua fute ni mali. Najua mu site maji yanakuja siku mbili kwa wiki, na mtu mwenye fute ni mtu mwenye akiba. Nimeona watu wakikata fute kwa chalumo kufanya mbabula, nimeona zimekuwa matangi ya lutuku, nimeona zimesimama chini ya bati kungoja mvua. Fute iliyokuwa na zantati au MIBC usiikate kwa moto: ule moshi uliobaki ndani unaweza kulipuka mbele ya uso wako. MIBC nayo ni alkoli inayowaka. Mabaki usiyamwage ku mtaro wala karibu na kisima. Mkubwa airudishe ku kiwanda alikoitoa, ampatie mkubwa wa usalama wa kazi. Kama anaogopa kusemeshwa juu ya kuitosha, anunue hasira ya siku moja, ni rahisi kuliko ugonjwa wa mudogo wake.

Fute ya mafuta ya kula, au ile ya plastiki yenye alama ya chakula, hiyo njo ya maji. Isiyo na jina ku ubavu, usiilete nyumbani hata kwa bure.

Na kama yupo mtu ku nyumba ambaye kichwa kinamuuma sana, anatapika, mikono inakuwa kama imelala, apelekwe ku kituo cha afya. Pale msiseme tu "alikunywa maji ya fute". Andikeni ku karatasi jina lote lililo ku ubavu, herufi kwa herufi, na ile sodiumu au potasiumu ya mbele, na ile iso, na ile zantati ya mwisho. Mdogo njo afanye kazi hiyo, maana anajua kuandika majina hayo kuliko sisi wote.

Zoezi la mwezi ujao, kwa vijana wote: alkoli zenye kaboni 5, idrojeni 12 na oksijeni 1. Ziko nane. Chora zote, andika jina la kitabu la kila moja, na pale jina la zamani lipo, liandike pembeni. Jibu litatoka ku ukurasa huu huu. Wale waliouliza juu ya siabu za batri za gari, barua zenu nimezipata, mnisubiri kidogo.

Na weye mama wa Likasi, uniandikie fute imefika wapi.